Kutafuta nyaraka za haki za binadamu za kimataifa mtandaoni: mwongozo kamili, kuanzia swali hadi karatasi yenyewe

Niliwahi kuandika, tena kwa kujiamini, kwamba Marekani imefungwa na Mkataba wa Haki za Mtoto. Nilikuwa nimeona jina lake kwenye orodha ya ukurasa fulani, mbele yake pameandikwa 1995, nikaridhika. Msomaji mmoja akaniuliza swali fupi: imeridhia, au imesaini tu? Nilipofungua rejista ya mikataba ya Umoja wa Mataifa nikakuta safu mbili za tarehe. Kwenye safu ya saini palikuwa na Februari 1995. Safu ya kuridhia, kwenye mstari huohuo, ilikuwa tupu. Mkataba ule una wanachama 196, na Marekani haimo. Sentensi moja isiyo sahihi ilikuwa imeidhoofisha makala nzima, kwa sababu asiyetaka kuisikia hoja yangu alikuwa amepata pa kuishikia.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu ninaoueleza hapa. Kiini chake ni kimoja: usiishie kwa aliyesema, fika kwenye karatasi aliyoitaja. Karibu kila karatasi muhimu ya haki za binadamu za kimataifa iko wazi mtandaoni, bure, na nyingi hazidai hata kujisajili. Ugumu wake ni kwamba zimetawanyika, zina majina marefu, na nyingi hazijatafsiriwa kwa Kiswahili. Lakini zina mpangilio, na ukishaujua mpangilio huo hutahangaika tena.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kufungua kivinjari

Anayetafuta "haki za wanawake" atazama kwenye mamilioni ya kurasa. Anayetafuta "je, nchi yangu imeshaambiwa na kamati yoyote ya kimataifa irekebishe sheria ya ndoa za utotoni?" anaweza kupata jibu ndani ya nusu saa. Chukua kalamu, andika swali zima, kisha ujiulize ni la aina gani.

Maswali mengi huangukia kwenye moja ya makundi haya: sheria ya kimataifa inasemaje kuhusu jambo hili, nchi hii imekubali kufungwa na sheria hiyo au la, nchi hii imeambiwa nini na vyombo vinavyoisimamia, na nini hasa kinatendeka huko mitaani na magerezani. Kila kundi lina nyumba yake mtandaoni. Ukibisha hodi kwenye nyumba isiyo yenyewe, utarudi mikono mitupu ukidhani hakuna kitu.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili uone njia inavyokwenda: je, serikali inaruhusiwa kuzima intaneti watu wanapoandamana?

Hatua ya 2: Jua maandiko ya msingi

Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini Paris, 10 Desemba 1948. Lina ibara 30, na ni vizuri ulisome lote. Halichukui hata dakika ishirini. Lakini elewa kwamba ni azimio, si mkataba. Hakuna nchi iliyoliridhia, kwa kuwa haliridhiwi. Lina uzito mkubwa, na mengi yaliyomo yameingia kwenye sheria za kimataifa kwa njia nyingine, ila anayetaka kumbana waziri kwa wajibu wa kisheria huhitaji mkataba.

Mikataba ya msingi ya Umoja wa Mataifa ni tisa. Wa ubaguzi wa rangi ni wa 1965. Mwaka 1966 ikapitishwa miwili mikubwa, mmoja wa haki za kiraia na kisiasa, mwingine wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, na yote miwili ilianza kutumika mwaka 1976. Ikafuata ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, 1979. Dhidi ya mateso, 1984. Haki za mtoto, 1989. Wafanyakazi wahamiaji, 1990. Watu wenye ulemavu, 2006. Na kulinda watu dhidi ya kupotezwa kwa nguvu, pia 2006. Maandishi kamili ya yote yapo kwenye tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ohchr.org.

Kwa swali letu la intaneti, mkataba unaohusika ni ule wa haki za kiraia na kisiasa. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa maoni na wa kutafuta na kupokea habari, na ibara ya 21 inalinda mikusanyiko ya amani. Ziandike pembeni.

Hatua ya 3: Hakikisha nchi imejifunga

Hapa ndipo nilipojikwaa, kwa hiyo twende taratibu.

Fungua treaties.un.org. Hii ndiyo rejista ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye hutunza mikataba hii. Mikataba imepangwa kwa sura, na haki za binadamu ziko Sura ya IV. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa ni namba 4 ndani ya sura hiyo, wa wanawake ni namba 8, wa mtoto ni namba 11. Ukibofya mkataba unafunguka ukurasa mrefu. Juu kuna tarehe ya kupitishwa, tarehe ya kuanza kutumika na idadi ya wanachama. Chini yake kuna jedwali la nchi.

Soma mstari wa nchi yako kutoka kushoto kwenda kulia. Safu ya kwanza ya tarehe ni ya saini. Saini ni dalili ya nia. Nchi iliyosaini haipaswi kuhujumu lengo la mkataba, lakini haijafungwa na ibara zake. Safu ya pili ndiyo yenye uzito. Ukiona tarehe pekee, nchi imeridhia. Ukiona tarehe ikifuatwa na herufi ndogo "a", nchi imejiunga moja kwa moja bila kusaini kwanza, na nguvu yake ni ileile. Herufi "d" maana yake nchi imerithi mkataba kutoka kwa dola iliyokuwapo kabla yake.

Usifunge ukurasa bado. Teremka chini ya jedwali, mahali ambapo wengi hawafiki. Huko kuna masharti ambayo nchi ziliyaweka wakati wa kuridhia, zikisema ibara fulani haitazibana, au itazibana kwa kiasi fulani tu. Nchi inaweza kuwa mwanachama wa mkataba wa wanawake huku ikiwa imejitoa kwenye kifungu kile kile unachotaka kukitumia. Chini zaidi kuna pingamizi za nchi nyingine dhidi ya masharti hayo, na mara nyingi hoja zake ni kali na zimeandikwa vizuri.

Jambo la mwisho katika hatua hii: itifaki za hiari, yaani mikataba ya nyongeza ambayo nchi huamua yenyewe kujiunga nayo au la, zina kurasa zake peke yake. Ile ya kwanza ya mkataba wa haki za kiraia, namba 5 katika sura hiyohiyo, ndiyo inayomruhusu mtu binafsi kupeleka malalamiko kwenye kamati. Nchi inaweza kuridhia mkataba na kukataa itifaki. Anayetaka kumshauri mtu apeleke shauri aangalie hapo kwanza, asije akampa matumaini hewa.

Hatua ya 4: Jua kamati zimeufafanuaje mkataba

Mkataba wa 1966 hautaji intaneti, na usingeweza kuitaja. Anayeishia kwenye ibara ya 19 atasema sheria iko kimya. Haiko kimya.

Kila mkataba una kamati ya wataalamu huru inayousimamia, na kamati hizo hutoa maoni ya jumla, yaani maelezo rasmi ya namna ibara fulani inavyopaswa kueleweka. Kamati ya Haki za Binadamu, inayousimamia mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ilitoa maoni ya jumla namba 34 kuhusu uhuru wa kujieleza mwaka 2011, na namba 37 kuhusu mikusanyiko ya amani mwaka 2020. Fungua hayo ya pili, nenda aya ya 34: inasema nchi wanachama hazipaswi kuzuia au kukwamisha mawasiliano ya intaneti kuhusiana na mikusanyiko ya amani. Hilo ndilo jibu tulilokuwa tunalitafuta, na limetoka kwenye chombo chenye kazi ya kuutafsiri mkataba.

Utaifikiaje? Kila waraka wa Umoja wa Mataifa una nembo, mfano wa namba ya gari. Maoni hayo ni CCPR/C/GC/37. Sehemu ya kwanza ni mkataba, C ni kamati, GC ni maoni ya jumla, na namba ni ya mfululizo. Ukiona CCPR/C/USA/CO/4, ujue ni kamati ileile, nchi ni Marekani, CO ni maoni ya kuhitimisha baada ya nchi kuhojiwa, na 4 ni ripoti ya nne ya nchi hiyo. CEDAW/C ni wanawake, CRC/C ni watoto, CAT/C ni mateso, CRPD/C ni watu wenye ulemavu, na E/C.12 ni haki za kiuchumi na kijamii. A/HRC ni Baraza la Haki za Binadamu, chombo kilichoundwa mwaka 2006 na chenye nchi 47 zinazochaguliwa kwa zamu.

Ukiwa na nembo, andika kwenye kivinjari undocs.org/ kisha nembo yenyewe, kwa mfano undocs.org/CCPR/C/GC/37, na waraka utafunguka. Njia ndefu zaidi ni documents.un.org, ambako unaweza kutafuta pia kwa maneno na tarehe. Ninaipenda njia ya nembo kwa sababu viungo vya kurasa hufa kila tovuti inapojengwa upya, lakini nembo ya waraka haibadiliki. Waraka wa miaka ya 1990 una nembo ileile leo.

Tahadhari moja hapa. Nembo yenye herufi L, kama A/HRC/32/L ikifuatwa na namba, ni rasimu iliyopelekwa kupigiwa kura. Vyombo vya habari mara nyingi huweka kiungo cha rasimu kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo siku ya kura. Waraka uliopitishwa una RES ndani yake. Azimio la Baraza la Haki za Binadamu la mwaka 2016 linalolaani hatua za makusudi za kuzuia watu kufikia habari mtandaoni ni A/HRC/RES/32/13: kikao cha 32, azimio la 13. Nukuu hilo, si rasimu. Na ukiona Corr mwishoni mwa nembo, kuna masahihisho, yafungue.

Hatua ya 5: Tafuta nchi yako imeambiwa nini

Hii ndiyo sehemu yenye utajiri kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Serikali nyingi zimeshaambiwa, kwa maandishi, tena kwa miaka, jambo lile lile ambalo wananchi wake wanalipigia kelele leo.

Anza na uhri.ohchr.org. Ni hifadhidata inayokusanya mapendekezo ya kamati za mikataba, ya wataalamu maalum (watu huru walioteuliwa na Baraza la Haki za Binadamu kufuatilia mada au nchi fulani) na ya mapitio ya nchi, yakiwa yamekatwakatwa aya kwa aya. Chagua nchi, chagua mada, ukitaka chagua na kundi linaloathirika, kwa mfano watoto au wakimbizi. Matokeo yanakuja na nembo ya waraka na namba ya aya. Usinukuu kutoka hapo moja kwa moja. Chukua nembo, fungua waraka mzima, soma aya iliyotangulia na inayofuata. Kwenye maoni ya kuhitimisha, aya moja hueleza wasiwasi wa kamati, kisha linafuata pendekezo. Ukichukua nusu tu umepotosha.

Kisha nenda kwenye mapitio ya mara kwa mara ya nchi zote, yanayojulikana kwa kifupi UPR. Yalianza mwaka 2008, na kila nchi kati ya 193 za Umoja wa Mataifa hutakiwa kukaa kitako mbele ya wenzake kwa saa tatu na nusu, kila baada ya miaka minne na nusu hivi. Kwa kila nchi kuna nyaraka tatu za kuanzia: ripoti ya serikali yenyewe, mkusanyiko wa taarifa za Umoja wa Mataifa, na muhtasari wa yale yaliyoletwa na asasi za kiraia. Zisome zote tatu zikiwa zimefunguliwa sambamba. Mahali serikali inaposema "sheria mpya imepitishwa" na asasi zinasema "sheria haitekelezwi" ndipo kazi yako inapoanzia. Baada ya mjadala kuna ripoti ya mapendekezo, na waraka mwingine mfupi ambamo serikali inasema yapi inayakubali na yapi "imeyazingatia". Neno hilo la pili ni lugha ya kidiplomasia. Kwa vitendo, pendekezo halikukubaliwa. Mijadala hiyo hurekodiwa, na unaweza kuitazama webtv.un.org, umsikie waziri akijibu kwa sauti yake.

Nyumba ya tatu ni spcommreports.ohchr.org. Wataalamu maalum wa Umoja wa Mataifa huziandikia serikali barua kuhusu watu waliokamatwa, miswada ya sheria, watu waliohamishwa kwenye ardhi yao. Barua za madai kwa kawaida huwekwa hadharani baada ya siku 60, na jibu la serikali, kama limekuja, huwekwa pembeni yake. Kama halijaja, hilo nalo linaonekana. Nembo inayoanza na UA ni rufaa ya dharura, AL ni barua ya madai, OL mara nyingi inahusu sheria au sera. Kuna nchi ambazo mswada wao ulichambuliwa ibara kwa ibara kwenye barua hizi kabla haujawa sheria, na waandishi wa habari wa nchi hiyo hawakujua. Inaniuma kila ninapokutana na jambo hilo.

Ukitaka maamuzi ya kamati kuhusu malalamiko ya mtu mmojammoja, nenda juris.ohchr.org.

Hatua ya 6: Mahakama na tume za kanda

Ulaya ina hifadhidata iliyo bora kuliko zote nilizotumia, HUDOC, ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwenye hudoc.echr.coe.int. Unachuja kwa ibara, nchi, tarehe na hata kiwango cha umuhimu wa kesi. Mahakama hiyo, iliyoko Strasbourg, hutoa pia muhtasari wa kesi kwa mada: wafungwa, watoto, mazingira, teknolojia. Anzia kwenye muhtasari huo, kisha fungua hukumu yenyewe. Kwa mabara ya Amerika, mahakama iko San José, Costa Rica, na tovuti yake ni corteidh.or.cr, ukijua Kihispania utapata mengi zaidi.

Afrika ina Mkataba wa Haki za Binadamu na Watu uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuanza kutumika 1986. Tume inayousimamia iko Banjul, tovuti achpr.au.int. Mahakama iko Arusha, tovuti african-court.org. Hukumu na sheria za nchi nyingi za bara hili zinapatikana pia africanlii.org. Usisahau mahakama za jumuiya za kanda. Kwa swali letu, Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, iliyoko Abuja iliamua tarehe 25 Juni 2020, katika kesi ya Amnesty International Togo na wenzake dhidi ya Togo, kwamba kuzimwa kwa intaneti mwaka 2017 kulivunja haki ya uhuru wa kujieleza. Nayo Tume ya Banjul, katika tangazo lake la 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza na kupata habari, kanuni ya 38, inazitaka nchi zisikate intaneti wala kuunga mkono kukatwa kwake.

Hukumu humfunga aliyeshtakiwa. Kwa nchi nyingine ni hoja ya kushawishi, na uiandike hivyo.

Angalia tarehe pia, maana uanachama si wa milele. Urusi ilikoma kufungwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu tarehe 16 Septemba 2022. Rwanda mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2019 zilitangaza kuondoa tamko linalowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika. Kurasa nyingi za zamani bado zinaeleza hali ya kabla ya hapo, na anayezifuata atamwelekeza mtu mwenye shida kwenye mlango uliofungwa.

Hatua ya 7: Ripoti za mashirika, na namna ya kuzipima

Nyaraka rasmi zinakuambia wajibu. Nini kinatendeka, mara nyingi utakipata kwa mashirika: Amnesty International, iliyoanzishwa 1961, Human Rights Watch, ambayo mizizi yake ni ya 1978, na mashirika ya ndani ya nchi ambayo huyajui majina yake lakini ndiyo yenye watu kwenye eneo la tukio. Majina yao utayapata kwenye ule muhtasari wa asasi wa UPR, kwani kila mchango umetajwa umetoka kwa nani.

Ukifungua ripoti yoyote, usianze na utangulizi. Tafuta sehemu inayoeleza jinsi utafiti ulivyofanywa. Walihoji watu wangapi, lini, wapi, kwa lugha gani? Walihoji ana kwa ana au kwa simu? Waliwaandikia watuhumiwa kuomba maelezo, na walijibiwa nini? Ripoti nzuri hujibu hayo yote kwenye ukurasa mmoja. Ripoti isiyojibu hata moja inaweza kuwa na ukweli, lakini usiiache ibebe hoja yako peke yake.

Anayeshughulikia maombi ya hifadhi ya wakimbizi aende refworld.org, ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na ecoi.net, inayoendeshwa na kitengo cha Msalaba Mwekundu wa Austria. Zote mbili zimekusanya taarifa za nchi kwa nchi. Haki za wafanyakazi ziko kwenye hifadhidata ya NORMLEX ya Shirika la Kazi Duniani, na sheria za vita ziko kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ihl-databases.icrc.org.

Kiswahili, tafsiri na akili mnemba

Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na Kiswahili hakimo. Hata hivyo hauko mikono mitupu. Tangazo la Ulimwengu limetafsiriwa kwa zaidi ya lugha 500, na la Kiswahili lipo ohchr.org. Idhaa ya habari ya Umoja wa Mataifa ina ukurasa wake wa Kiswahili, news.un.org/sw, na Human Rights Watch wana hrw.org/sw. Ninawashauri walimu waanzie hapo.

Kwa nyaraka nyingine utalazimika kutumia programu ya kutafsiri. Itumie kuelewa, si kunukuu. Programu hizi huchanganya maneno ya lazima na ya hiari, na katika mkataba tofauti ya "itafanya" na "inaweza kufanya" ndiyo kesi yenyewe. Pia "kusaini" na "kuridhia" hubadilishana nafasi bila onyo. Kama sentensi ni muhimu kwako, ilinganishe na maandishi rasmi, na kama unajua lugha mbili kati ya zile sita, soma zote mbili. Ibara ya 53 ya mkataba wa haki za kiraia na kisiasa inataja Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania kuwa matini zenye nguvu sawa. Tafsiri yoyote nje ya hizo ni msaada wa kusoma tu.

Kuhusu programu za akili mnemba: zinaweza kukueleza vizuri maoni ya jumla ni nini. Lakini zikikupa jina la kesi au namba ya aya, usiiamini mpaka uifungue mwenyewe. Hubuni kesi ambazo hazijawahi kuwapo, zenye majina yanayosikika kuwa ya kweli kabisa. Andika nembo kwenye undocs.org. Waraka usipofunguka, angalia kama umekosea herufi. Usipofunguka tena wala kuonekana documents.un.org, usiuandike.

Mbinu za Google zinazosaidia hasa

Weka maneno kamili ndani ya alama za nukuu. Ongeza site: ikifuatwa na tovuti bila kuacha nafasi, kwa mfano site:ohchr.org, ili utafute ndani ya tovuti hiyo tu. Ongeza filetype:pdf ukitaka ripoti na si habari. Na kwa kuwa nyaraka nyingi ziko kwa Kiingereza, jifunze yale maneno machache ambayo zenyewe hutumia: "concluding observations" kwa maoni ya kuhitimisha, "general comment" kwa maoni ya jumla. Kamati za wanawake na ya ubaguzi wa rangi husema "general recommendation" badala yake, na wengi hukosa nyaraka zao kwa ajili ya neno hilo moja.

Kuhifadhi, na kujilinda

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila waraka unaoufungua na kuuona una faida, andika papo hapo: jina, nembo, tarehe ya kupitishwa, namba ya aya, siku ulipousoma. Nukuu kwa aya, si kwa ukurasa, kwa kuwa kurasa hutofautiana kati ya toleo la Kifaransa na la Kiarabu ilhali namba za aya ni zilezile. Pakua PDF. Ukurasa usio na PDF uhifadhi kupitia web.archive.org, palipo na sehemu ya kuhifadhi ukurasa mara moja, kisha nakili anwani utakayopewa. Ripoti za mashirika madogo hutoweka shirika linapofungwa, na wakati mwingine hicho ndicho kilichokusudiwa na waliolifunga.

Kusoma mkataba hakumhatarishi mtu sehemu nyingi, lakini si zote. Kwenye kompyuta ya watu wengi tumia dirisha la faragha na uhakikishe umetoka kwenye akaunti zako. Mtu usiyemjua akikutumia "ripoti" kama kiambatisho, usiifungue; itafute kwenye tovuti ya aliyeiandika. Na jambo ambalo ningependa kila mtu alishike: usibandike ushuhuda wa mhanga kwenye programu ya bure ya kutafsiri. Hujui maneno yale yanahifadhiwa wapi, na ndani yake kuna jina, kijiji na siku.

Ukikwama

Kwa swali letu, daftari lako sasa lina mambo haya: ibara za 19 na 21 za mkataba, tarehe ambayo nchi yako iliridhia na masharti iliyoyaweka, aya ya 34 ya CCPR/C/GC/37, azimio A/HRC/RES/32/13, ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu kuhusu kuzimwa kwa intaneti ya mwaka 2022, A/HRC/50/55, hukumu ya Abuja, na chochote nchi yako ilichoambiwa kwenye UPR. Ukiwa na hayo unaweza kuandika barua, makala au hoja ya mahakamani bila kubahatisha.

Kama kuna kipande hukipati, waulize wakutubi. Maktaba ya Dag Hammarskjöld ya Umoja wa Mataifa ina huduma ya kujibu maswali kwenye ask.un.org, na miongozo ya utafiti kwenye research.un.org. Tafuta kwanza kama swali lako limeshajibiwa, kwa sababu mengi yameshajibiwa. Kama bado, waandikie: taja nchi, mwaka unaoukisia, chombo unachodhani kilihusika, na nembo zote ulizokwisha kuzijaribu.